Sura ya 7: Jela ni ya Nani?

Nchini Thailand kuna msemo ambao dereva wa teksi na mhadhiri wa chuo kikuu wanautamka kwa namna moja: jela imewekwa kufungia maskini. Kila kesi ya kigogo au mtoto wa kigogo inapotajwa kwenye taarifa ya habari, msemo huo hurudi midomoni mwa watu, tena hurudi kabla hakimu hajasema neno. Swali ambalo wasomaji wengi hujiuliza juu ya nchi hiyo ni hili: inakuwaje watu wenye sheria zilizoandikwa kwa urefu, mahakama za ngazi tatu na polisi waliofika hadi vijijini wasiamini kwamba mtu mzito anaweza kufungwa kama wao?

Jibu la haraka ni rushwa. Lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, kwa sababu rushwa hutolewa gizani na mwananchi wa kawaida haioni. Anachokiona mwananchi ni kalenda. Anaona tarehe ya kesi ikisogezwa, mtuhumiwa akiugua, shahidi mpya akijitokeza baada ya miaka saba, na mwishoni anasikia tangazo kwamba muda umekwisha. Sura hii inatetea hoja moja: kinachowakatisha Wathai tamaa si hasa wepesi wa hukumu wanazopewa wakubwa, bali namna muda unavyowatumikia wakubwa na kuwaandama wadogo. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Thailand una meno makali. Ila miti mikubwa hufikiwa jioni, wakati wa kufunga kazi.

Matone ya mafuta barabarani

Alfajiri ya Septemba 3, 2012, gari aina ya Ferrari lilimgonga na kumuua sajenti meja Wichian Klanprasert, askari aliyekuwa kazini juu ya pikipiki katika barabara ya Sukhumvit, Bangkok. Gari halikusimama. Polisi wakafuata mstari wa mafuta yaliyovuja, ukawafikisha kwenye lango la makazi ya ukoo wa Yoovidhya. Huu ni ukoo wa Chaleo Yoovidhya, mwanzilishi wa kinywaji cha Krating Daeng, ambacho madukani Nairobi na Dar es Salaam kinajulikana kwa jina la Red Bull. Kwanza alitangulizwa mfanyakazi wa nyumba hiyo abebe kosa, na ofisa wa polisi aliyehusika na ujanja huo akasimamishwa kazi. Ndipo akatajwa Vorayuth, mjukuu wa Chaleo, ambaye siku hiyohiyo aliachiwa kwa dhamana ya baht 500,000. Dhamana ni fedha inayowekwa rehani ili mtuhumiwa asubiri kesi akiwa nyumbani. Baadaye familia iliwalipa ndugu wa marehemu baht milioni 3, nao wakakubali kutofungua madai ya fidia.

Kwa macho ya mtu wa kawaida, hakuna kesi nyepesi kuliko hiyo. Mwili upo, gari lipo, njia ya mafuta ipo, na aliyekufa ni polisi mwenyewe. Makadirio ya kwanza ya wataalamu yalionyesha mwendo wa kilomita 177 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 80. Lakini mtuhumiwa aliitwa mara kadhaa akakosa kutokea, mara yuko safarini, mara mawakili wake wameomba uchunguzi zaidi. Wakati huohuo, wanahabari wa shirika la AP walifuatilia picha za mitandaoni na kumwona akishabikia magari ya mbio ya Formula One na akiteleza kwenye theluji ya Japani. Aprili 2017, siku chache kabla ya tarehe ya kufika mbele ya waendesha mashtaka, aliondoka nchini kwa ndege binafsi. Hati ya kumkamata ilitolewa alipokuwa tayari ameshaondoka.

Miaka mitatu baadaye mambo yakageuka kabisa. Julai 2020 wananchi walipata habari kwamba ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilikuwa imefuta shtaka kubwa kimyakimya. Kasi ya 177 ilikuwa imekadiriwa upya ikashuka chini kidogo ya 80, na mashahidi wapya walikuwa wamejitokeza kudai kwamba gari lilikuwa likienda polepole. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba Waziri Mkuu Prayut Chan-o-cha aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Vicha Mahakhun, aliyewahi kuwa kamishna wa kupambana na rushwa. Kamati ilieleza kwamba maofisa wa ngazi mbalimbali walishirikiana kumwokoa mtuhumiwa, ikataka kesi ifufuliwe. Aprili 2025 mahakama ya kesi za rushwa ilimhukumu aliyekuwa naibu mwanasheria mkuu kifungo cha miaka 3 na mwendesha mashtaka mwingine miaka 2, huku washtakiwa wengine, akiwemo mkuu wa zamani wa polisi, wakiachiwa. Vorayuth mwenyewe hajawahi kusimama kizimbani, kwa hiyo kisheria hana hatia. Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko: hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kusema kama anayo au hana.

*Kwa ufupi:* Hakuna hakimu aliyetoa hukumu nyepesi katika kesi hii. Upole wote ulifanyika kabla ya mlango wa mahakama, kituoni na katika ofisi ya waendesha mashtaka.

Ukomo wa muda ni nini?

Ili kuelewa nguvu ya kalenda, inabidi kujua kanuni moja. Karibu kila nchi ina ukomo wa muda wa kushtaki, yaani idadi ya miaka ambayo baada yake serikali haiwezi tena kumfikisha mtu mahakamani kwa kosa fulani. Sababu yake ni ya busara: kumbukumbu za mashahidi hufifia, nyaraka hupotea, na si haki mtu aishi maisha yake yote chini ya kivuli cha tuhuma. Thailand hupanga miaka hiyo kwa uzito wa adhabu. Kosa dogo kabisa hufa baada ya mwaka 1, na kosa la kifo au kifungo cha maisha baada ya miaka 20. Tatizo ni kwamba, kwa makosa ya kawaida ya jinai, saa hiyo haisimami mtuhumiwa anapokimbia. Anayekaa mafichoni anahesabiwa siku zake sawa na anayekaa nyumbani akisubiri kuitwa. Kesi ya Ferrari inaonyesha matokeo yake hatua kwa hatua:

- Septemba 2013: shtaka la kuendesha kwa kasi lilikufa, baada ya mwaka 1.
- Septemba 2017: shtaka la kutosimama kumsaidia majeruhi lilikufa, baada ya miaka 5.
- Septemba 2022: shtaka la kutumia kokeni, lililotokana na vipimo vya damu, lilikufa baada ya miaka 10.
- Septemba 3, 2027: ndio mwisho wa shtaka la uzembe uliosababisha kifo, baada ya miaka 15.

Orodha hiyo inaeleza kwa nini fedha ni silaha kubwa hata pale ambapo hakuna aliyehongwa. Wakili mzuri huandika barua ya kuomba uchunguzi zaidi, barua hiyo hula miezi miwili. Daktari huandika cheti, nacho hula mwezi. Tiketi ya ndege hula miaka. Kila hatua ikitazamwa peke yake ni halali. Zikijumlishwa, kesi inapigwa danadana mpaka kipenga cha mwisho. Maskini angekuwa na haki zilezile kwenye karatasi, lakini hana wakili wa kuandika barua ya kwanza, sembuse ya kumi.

Wala si matajiri wa biashara pekee wanaookolewa na saa hii. Oktoba 25, 2004, katika mji wa Tak Bai mkoani Narathiwat, kusini mwa nchi ambako wengi ni Waislamu wa Kimalay, vikosi vya usalama vilivunja maandamano mbele ya kituo cha polisi. Watu 7 walikufa kwa risasi. Mamia wengine walifungwa mikono, wakalazwa tabaka juu ya tabaka kwenye malori ya jeshi na kusafirishwa hadi kambi moja mkoani Pattani. 78 kati yao walifika wakiwa wamekufa. Jumla ni watu 85. Serikali ililipa fidia baadaye, lakini hakuna ofisa aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo kwa karibu miaka 20. Mwaka 2024, muda ukiwa unayoyoma, familia zenyewe zilifungua kesi. Agosti mwaka huo mahakama ya Narathiwat ilikubali kuisikiliza, na waendesha mashtaka wa serikali nao wakaamka. Hati za kukamata zilitolewa. Hakuna mshtakiwa hata mmoja aliyetokea. Mmoja wao, jenerali mstaafu aliyekuwa kamanda wa jeshi eneo la kusini mwaka 2004, sasa alikuwa mbunge wa chama tawala, na taarifa zilisema yuko ng'ambo kwa matibabu. Oktoba 25, 2024 saa ikagonga, kesi ikafa.

Ghorofa ya 14

Mtu anaweza kudhani kwamba kigogo akishahukumiwa, mjadala umefungwa. Kesi ya Thaksin Shinawatra inaonyesha kwamba muda unaweza kulainishwa hata baada ya hukumu. Thaksin alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2001 hadi alipopinduliwa na jeshi Septemba 2006, na mwaka 2008 alikwenda kuishi uhamishoni. Alirudi Agosti 22, 2023, siku ileile chama kilichofungamana na familia yake kilipopata Waziri Mkuu bungeni. Alikuwa na hukumu zilizojumlishwa kuwa miaka 8. Kabla ya mapambazuko ya usiku wa kwanza alikuwa ameshahamishiwa Hospitali Kuu ya Polisi, kwenye chumba binafsi ghorofa ya 14. Siku chache baadaye mfalme alipunguza adhabu hadi mwaka 1. Februari 2024 alitoka kwa parole, yaani kuachiwa kabla ya muda kwa masharti, bila kulala seli usiku mmoja kamili. Tangu hapo Mthai akisema "ghorofa ya 14" hahitaji kumalizia sentensi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Msamaha wa mfalme ni sehemu ya sheria ya Thailand, na wafungwa wa kawaida hupunguziwa vifungo pia. Parole kwa mzee mgonjwa si jambo la ajabu. Kilichowashangaza watu ni ulaini wa safari nzima: kila mlango ulifunguka kwa wakati wake, bila foleni. Mfungwa asiye na jina akiugua, hupelekwa zahanati ya gereza. Akizidiwa, huandikiwa rufaa. Akipata nafuu, hurudishwa. Mwaka 2025 Baraza la Madaktari liliwaadhibu madaktari 3 kuhusiana na matibabu hayo, na Septemba 9, 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba siku za hospitalini hazihesabiki kuwa kifungo. Thaksin akaamriwa kutumikia mwaka wake, akapelekwa gerezani Bangkok siku hiyohiyo.

*Kwa ufupi:* Muda hununuliwa kwa njia mbili. Kabla ya hukumu unarefushwa, ili kesi ife. Baada ya hukumu unafupishwa au kulainishwa, ili kifungo kisiume.

Saa ya maskini

Upande wa pili saa hiyohiyo hukimbia. Mwaka 2010, mkoani Kalasin kaskazini mashariki, mume na mke wanakijiji walikamatwa kwa kuingia katika hifadhi ya msitu. Serikali ilidai wamekata miti. Wao walisema walikwenda kuchuma uyoga. Walikiri kosa, wakahukumiwa miaka 30, ikapunguzwa hadi 15 kwa sababu ya kukiri. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilishusha kifungo hadi miaka 5. Huenda ukweli wa msituni ulikuwa na utata zaidi kuliko simulizi la uyoga lilivyoenea, na mahakama haikukubali kwamba walikuwa wachumaji tu. Lakini umma haukuhitaji kuwaona malaika ili kuona tofauti. Wanakijiji wawili walikiri upesi na kesi yao ikafika mwisho. Mtu mwenye mawakili asingekiri siku ya kwanza, na pengine asingefika siku ya mwisho.

Tuchukue hesabu ndogo. Mwaka 2012 kima cha chini cha mshahara Bangkok kilikuwa baht 300 kwa siku. Dhamana ya baht 500,000 ni ujira wa siku zipatazo 1,667, zaidi ya miaka 4 bila kupumzika hata siku moja. Kwa ukoo wa mabilionea ni chenji. Asiyemudu dhamana hungoja kesi yake rumande, kwa hiyo kila ahirisho ambalo kwa tajiri ni ushindi, kwake ni adhabu. Faini nayo ni hivyohivyo: asiyeweza kulipa anaweza kufungwa siku 1 kwa kila baht 500. Fedha na siku zinabadilishana waziwazi, kama sarafu dukani. Mwenye fedha hutoa fedha. Asiyenazo hutoa siku za maisha yake.

Ukali pia upo, tena wa kutisha, serikali inapoamua kuutumia. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumkashifu mfalme, malkia, mrithi wa kiti cha ufalme au kaimu mfalme kwa miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Januari 2024 mahakama ya rufaa ilimfikisha kijana mmoja muuza nguo mtandaoni kwenye kifungo cha miaka 50 kwa machapisho ya Facebook. Baadhi ya watuhumiwa wa kifungu hicho wamenyimwa dhamana mara kwa mara. Mwanaharakati Netiporn Sanesangkhom alifariki Mei 2024 akiwa mahabusu, baada ya mgomo mrefu wa kula. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba vyombo vya Thailand ni dhaifu au havijui kufanya haraka. Swali ni vinaharakisha kwa ajili ya nani.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni kwamba vigogo hufungwa. Ni kweli. Premchai Karnasuta, mkuu wa kampuni kubwa ya ujenzi ya Italian-Thai Development, alikamatwa na askari wa wanyamapori Februari 2018 katika hifadhi ya Thungyai Naresuan, kukiwa na mzoga wa chui mweusi. Desemba 2021 Mahakama ya Juu ilimpeleka jela miaka 3 na miezi 2. Thitisan Utthanaphon, kanali wa polisi aliyepewa jina la utani Joe Ferrari kwa kupenda magari ya kifahari, alipata kifungo cha maisha kwa kifo cha mtuhumiwa aliyefunikwa kichwa kwa mifuko ya plastiki. Lakini tuangalie kesi hizo zilivyofika mwisho. Ya chui ilibebwa na askari wa pori waliokataa kulainika, na umma uliochora chui mweusi kwenye kuta za Bangkok. Ya kanali ilikuwa na video iliyosambaa Agosti 2021, na hukumu ilitoka Juni 2022, chini ya mwaka 1. Mifano hii haiivunji hoja yetu, inaithibitisha: mfumo una uwezo wa kwenda mbio. Unachohitaji ni kelele. Na haki inayosubiri kelele humwacha nyuma kila mwathirika ambaye hakuna aliyempiga picha.

Hoja ya pili ni kwamba umma huhukumu kwa hisia, haujui ushahidi, na mitandao hukuza uvumi. Hoja hii inastahili heshima, kwa kuwa hasira ya watu inaweza kumfunga asiye na hatia. Lakini mashaka ya Wathai hayakuelea hewani. Kamati iliyoundwa na Waziri Mkuu mwenyewe ilisema kulikuwa na njama katika kesi ya Ferrari. Mahakama ya Juu yenyewe ilisema siku za ghorofa ya 14 hazikuwa kifungo. Mara zote mbili raia waliotiliwa shaka kuwa wanazusha walithibitishwa na taasisi zilezile walizozinung'unikia. Lisemwalo lipo, na hapa lilikuwepo kwenye majalada.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: pengine wakubwa huadhibiwa au kusamehewa kwa siasa tu, kwa hiyo kuzungumzia muda ni kukosea shabaha. Ni kweli kwamba Thaksin alifungwa na kulegezewa kadiri upepo wa siasa ulivyobadilika, na kwamba waliofanya mapinduzi ya 2006 na 2014 walijiandikia kinga ya kutoshtakiwa. Hata hivyo siasa pia hufanya kazi kupitia kalenda. Adui huitwa mahakamani upesi, rafiki hupewa ahirisho, na asiye rafiki wala adui hungoja rumande. Tukiubana muda, tunainyima siasa nafasi ya kujificha. Waziri hawezi kunong'ona "ngojeni kidogo" kama kungoja hakumsaidii mtu.

Saa inayoweza kusimamishwa

Basi nini kingewarudishia watu imani? Kuongeza ukali wa adhabu hakusaidii, kwani adhabu isiyofikiwa haina uzito. Kinachohitajika ni mambo matatu ya kawaida:

- Saa ya kesi isimame mtuhumiwa anapokimbia, na ianze tena anapopatikana.
- Uamuzi wa kufuta shtaka utangazwe pamoja na sababu zake, ili umma usiupate kwa kuvuja.
- Dhamana ipimwe kwa hatari ya mtu kutoroka na uwezo wake, ili asiyenacho asikae rumande kwa sababu ya umaskini wake na mwenye ndege asitoke kwa chenji.

La kwanza halihitaji hata kubuniwa. Sheria ya Thailand ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa tayari inasema kwamba, katika kesi za rushwa, muda ambao mtuhumiwa yuko mafichoni hauhesabiwi. Watunga sheria walielewa vizuri hila ya kukimbia mpaka saa igonge, wakaiziba kwa anayeiba fedha ya umma. Kwa aliyemgonga mtu barabarani akaenda zake, na kwa walioamuru watu walazwe tabaka kwenye lori, waliiacha saa iendelee kutembea. Mthai anaposema jela ni ya maskini, hahitaji kuijua sheria hiyo kwa kifungu na namba. Ametazama saa mbili ukutani, moja imesimama na nyingine inakwenda, akajua ni nani aliyeshika ufunguo.